Tulimshuku Shangazi, Kumbe Ni Godoro

Leo tunawasimulia jambo ambalo kwa muda mrefu tuliona haya kulisema. Huenda likazifaa nyumba nyingine zilizo mahali penye unyevu kama hapa kwetu Kisangani.

Mji wetu u karibu na ikweta, kando ya mto Kongo, na mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka. Nguo iliyofuliwa asubuhi huenda isikauke hata jioni, na viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda huota kuvu. Tulikwisha kuyazoea hayo.

Shangazi yetu alipofiwa na mumewe, tulimvusha kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, akaja kukaa nasi Mangobo. Alileta vyombo vichache na godoro lake la sufi alilolilalia miaka mingi. Tukampa chumba cha nyuma, alale pamoja na binti yetu wa miaka sita. Chumba hicho kina dirisha moja dogo, nalo tulilifunga daima kwa kuogopa wezi na mbu.

Baada ya majuma machache binti akaanza kukohoa usiku. Kifua kililia kama filimbi. Aliketi kitandani akiitafuta pumzi. Kulipokucha akitoka nje, alipata nafuu akacheza na wenzake.

Ndipo maneno yakaanza. Ni ugonjwa gani huu unaokuja usiku na kuondoka mchana? Nao ulianza lini? Ulianza alipofika mzee. Sisi hatukutamka neno hilo la uchawi, lakini wala hatukumkanya aliyelitamka. Tukamlaza mtoto sebuleni usiku tatu, naye akapumua vizuri. Tukauona huo kuwa ushahidi, tukaanza kupanga siku ya kumrudisha shangazi ng'ambo, hali tukijua kwamba huko hakuwa na nyumba tena.

Kabla siku hiyo haijafika, mtoto, aliyempenda sana bibi yake, alirudi kwa siri kulala naye. Usiku huo alibanwa vibaya hata tukambeba kwenda kituo cha afya. Mwuguzi alimpa dawa ya kuvuta, kisha akatuuliza, "Mtoto huyu hulala juu ya nini?" Sisi tulikuwa tumeuliza hulala na nani.

Alitueleza kwamba mtoto ana pumu, nayo huamshwa na mzio. Neno la mzio, yaani aleji, lilitungwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna. Katika mzio mwili humdhania asiye na hatia kuwa adui, ukampiga vita, na katika vita hivyo mirija ya pumzi huvimba na kuziba. Tuliposikia hayo tulitazamana, tukanyamaza.

Kinachowasumbua wengi wenye pumu hukaa katika vumbi la nyumbani. Mwaka 1964, huko Leiden nchini Uholanzi, Reindert Voorhorst na wenzake walionyesha kwamba kisa cha vumbi hilo ni utitiri, mdudu asiyefikia hata nusu milimita. Hula magamba ya ngozi yetu yaangukayo kitandani. Hanywi maji, bali hufyonza unyevu wa hewani. Kwa hiyo hustawi ndani ya godoro kuukuu katika chumba kisichopata hewa. Hamwumi mtu, kinyesi chake ndicho kinachodhuru kikivutwa puani. Kuvu wa ukutani na kinyesi cha mende hudhuru vivyo hivyo.

Basi tukaanza kazi. Godoro la sufi tuliliondoa, tukanunua jipya na kulivika mfuko wa plastiki. Mashuka hufuliwa kila juma kwa maji ya moto sana, kwa kuwa maji baridi hayauui utitiri. Mito huanikwa kila jua linapowaka. Chandarua hatukukiacha, kwa maana malaria ipo. Lakini hicho hukaushwa kivulini, kwani jua huiharibu dawa yake. Dirisha tulilitia nondo na wavu, likafunguliwa. Kuvu tulimsugua kwa sabuni, tukaziba paa lililovuja, maana palipo na maji kuvu hurudi. Hatufagii tena pakavu, jambo linalorusha vumbi hewani, bali tunapangusa kwa kitambaa chenye maji, mtoto akiwa nje. Chakula hufunikwa usiku, mende wasialikwe. Jiko la makaa nalo tulilihamishia uani, kwa sababu moshi humchokoza mwenye pumu.

Binti hajapona kabisa. Pumu haifagiwi ikaisha, na dawa yake ipo daima. Lakini sasa analala usiku mwingi bila kuamka, tena katika chumba kilekile, pamoja na bibi yuleyule.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko kusugua kuta. Jioni moja tuliketi mbele ya shangazi, tukamwambia yote tuliyoyawaza, tukamwomba radhi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wanangu, niliyasikia yote. Ukuta wa chumba changu si mnene." Akanyamaza kitambo, akaongeza, "Mngeniuliza tu umri wa godoro langu, ningewaambia." Tulicheka pamoja naye, huku machozi yakitulenga.

Basi, wasomaji wapenzi, mtoto akibanwa kifua usiku, mpelekeni upesi kwa mwuguzi. Mkirudi nyumbani, inueni godoro mlitazame chini yake, fungueni dirisha, gusani ukuta kama una maji. Fanyeni hivyo kabla hamjalitaja jina la mtu.