Nenda, Lete, Njoo

Mbwa hafi maji akiona ufuko. Methali hii tumeirithi sote, na kila tunapoifafanua humruka mbwa mwenyewe tukaenda moja kwa moja kwa binadamu: anayeuona mwisho wa taabu yake hupata nguvu za kuufikia. Fasiri hiyo ni sahihi. Hata hivyo, methali zilitungwa na watu waliotazama kwa macho, na sidhani kama aliyeitunga hii alikuwa hajapata kumwona mbwa akihangaika majini. Mimi nilipata nafasi ya kumtazama mbwa huyo huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, katika nchi tambarare ya mabwawa na mifereji, mzee jirani yangu aliponiomba nimsaidie kumwondolea hofu ya maji mbwa wake mchanga wa kuwindia.

Alikuwa jike jeusi la aina ya Labrador, umri wake miezi kumi. Mbwa wa namna hii hana kazi ya kuua wala kukimbiza. Kazi yake ni kutulia kimya kando ya mwenye bunduki, kukariri kwa macho mahali ndege alipoangukia, kisha kumwendea anapoamriwa na kumleta mdomoni bila kumtia jino. Bata wengi huangukia majini, hivyo Labrador anayekataa maji ni sawa na jahazi linalokataa bahari. Asili ya mbwa hawa ni Newfoundland, ambako wahenga wao waliwasaidia wavuvi katika maji ya baridi kali, kabla ya kuletwa Uingereza na hatimaye kutambuliwa rasmi na Kennel Club mwaka 1903. Mwili wao wote umeumbwa kwa maji: mkia mnene kama wa fisi-maji, manyoya ya tabaka mbili yenye mafuta, na ngozi inayounganisha vidole. Huyu wetu alikuwa navyo vyote. Lakini aliyemlea kabla ya mzee alimtupa kutoka gatini siku ya baridi, akiamini kwamba maumbile yangefanya kazi iliyobaki. Tangu siku hiyo, akifika hatua tano kutoka majini, alijilaza chini akitetemeka.

Mzee hakuwa na muda mwingi. Msimu wa kuwinda bata huanza tarehe 1 Septemba, nasi tulikuwa katikati ya Juni. Nyonga yake mbovu haikumruhusu tena kuingia majini mwenyewe, na mbwa wake wa zamani alikuwa amezeeka. Kumwacha ndege aliyejeruhiwa ateseke majini kwa kukosa wa kumwokota, kwake hilo lilikuwa jambo la aibu. Aliniambia waziwazi kwamba mbwa huyu asipoogelea kabla ya Septemba, itambidi ampe mtu mwingine. Alilisema hilo huku mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mnyama.

Najua baadhi ya wasomaji wangu wa pwani wamekwisha kunja uso. Tumelelewa kumkaa mbali mbwa kwa ajili ya najisi, na lugha yetu imebeba umbali huo: tukimkuza huwa jibwa, tukimdogosha huwa kijibwa, na yote mawili ni matusi. Nilitafuta jina la kumbembelezea nisilipate. Lakini tukumbuke pia kwamba aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa kuwinda. Mafunzo yana heshima yake, hata yanapomhusu mbwa.

Kabla ya kuanza nilijiuliza ni kitenzi gani kilichomfika mnyama huyu. Jibu ni kutosa. Aliyetosa hakufundisha, alizamisha tu, akaondoka. Si ajabu kwamba vijana wa mjini wakiachwa na wapenzi wao husema wametoswa. Kitenzi tulichokihitaji sisi kilikuwa kuzoea, na pembeni yake kuzoeza, kunakozaa zoezi. Tazameni jinsi Kiswahili kilivyoyafunga haya katika shina moja: mazoezi ni mambo ya kumfanya mtu azoee. Zoezi lisilomzoeza mtu chochote limepoteza haki ya jina lake.

Basi tukazoeza. Tulichagua mahali ambapo ukingo wa bwawa unashuka taratibu, chini pana changarawe, na maji yamekwisha kupata joto la kiangazi. Siku za kwanza hatukumwomba chochote. Nilivaa mabuti marefu, nikasimama ndani ya maji yaliyofika kifundoni, na mbwa mzee akaingia na kutoka kwa raha zake. Mchanga alitutazama. Siku ya nne aliloanisha kucha. Tukaondoka hapo hapo, wakati bado anatamani kuendelea, kwa maana somo linalokoma kabla ya kuchosha hulala na mwanafunzi hadi asubuhi. Baadaye tukaanza kurusha kibunda cha turubai, kwanza nchi kavu, kisha ukingoni, kisha shibiri moja ndani ya maji, kisha mbili. Akisita, tulirudi nyuma hatua moja bila kumkemea.

Lilibaki tatizo la maneno. Amri za Kiingereza alizozijua alikuwa amezisikia zikipigiwa kelele siku ile ya gatini, na kila zilipotamkwa karibu na maji, mkia ulishuka. Wafunzaji wa mbwa wanalijua jambo hili: neno lililochanganyika na hofu halisafishiki kwa urahisi, ni afadhali kuleta neno jipya. Mzee akaniambia, "Mwambie kwa lugha yako." Nikagundua kwamba maneno niliyoyahitaji ni matatu tu: nenda, lete, njoo. Wapenzi wa sarufi mtakuwa mmetabasamu. Hayo ndiyo maumbo matatu ya kuamrisha ambayo kila mgeni wa Kiswahili hukaririshwa kwa kuwa hayafuati kanuni. Hatusemi "kwenda!" wala "leta!" wala "kuja!" Sijui kazi nyingine inayoyakusanya yote matatu, wala isiyohitaji la nne, isipokuwa kazi ya mbwa huyu.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa upana wa hatua moja: pale miguu inapoachana na ardhi. Mbwa asiyejua kuogelea huyapiga maji kwa miguu ya mbele, kifua juu, nyuma kunazama, naye huzidi kuogopa kwa mshindo wake mwenyewe. Nilisimama ubavuni pake, maji yamenifika kiunoni, nikamwekea kiganja chini ya tumbo, karibu na mapaja. Sikumbeba, nilimsawazisha tu. Mgongo ulipolala sawa na maji, kelele zilikoma. Nikaondoa mkono. Aliendelea.

Ni hapo nilipoelewa kitu kuhusu neno kuelewa lenyewe. Elea ni kukaa juu ya maji, na vilevile ni kuwa wazi: maneno yako yamenielea. Kutoka hapo tunapata eleza na elewa. Anayeeleza, kwa asili ya neno, anakifanya kitu kielee. Kiganja changu chini ya tumbo lile kilikuwa maelezo, na kuondolewa kwake kulikuwa sehemu ya maelezo hayo.

Mwishoni mwa Agosti alivuka mfereji mzima, akaokota kibunda ng'ambo, akageuka. Mzee alikuwa amekaa ukingoni kwenye kigoda chake. Mbwa alimtazama yeye tangu alipogeuka hadi alipofika, hakuangalia kwingine. Hakugawiwa kwa mtu.

Nawaletea habari hii ninyi watunzi kwa sababu nimeshuhudia wengi wakitoswa. Kijana huleta ubeti wake wa kwanza, nasi tukampokea kwa mizani iliyopungua, vina vilivyogongana, na kituo kisichotua, vyote kwa siku moja. Harudi tena, kisha tunalalamika kwamba ushairi wa arudhi unakufa. Kanuni ni bahari yetu na sisemi tuikaushe. Nasema anayefunza aloane kwanza, na mwanafunzi aweze kumwona. Nami naacha ubeti mmoja:

Simtose kilindini, asojua kuelea,
Mshike mkono pwani, hadi atapozoea,
Tangulia wewe ndani, naye atasogelea,
Ufuko uwe machoni, hofu itampotea.