Kutoka Tukuyu Hadi Matema: Pikipiki Inapokwenda Upande

Msafiri aendaye Kyela kutoka Mbeya hana budi kuteremka. Huiacha barabara kuu ya Dar es Salaam pale Uyole, hupita Kiwira na mji wa Tukuyu ulio ubavuni mwa Mlima Rungwe, kisha mashamba ya chai na migomba hubaki nyuma, hewa ikazidi kuwa nzito na ya joto kila kona. Tukuyu iko kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kwa mwendo wa saa chache mtu hushuka zaidi ya mita 1,000, na mwenye pikipiki hushuka akiwa ameshika breki.

Bonde la Kyela ni zawadi ya mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kumwaga maji na udongo wake kando ya ziwa, na Songwe huchora mpaka wetu na Malawi. Hapo ndipo unapotoka ule mchele unaojulikana nchi nzima kwa harufu yake, na kakao inayoanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, na mawese. Lakini neema hiyo ya maji ina gharama yake. Mvua za Machi hadi Mei hunyesha kwa wingi, mito hufurika, na njia nyingi za vijijini, zilizoinuliwa kwa udongo katikati ya majaruba, hugeuka kuwa utelezi mtupu.

Katika njia hizo pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, lori la mazao na basi la wanafunzi. Tuliona gunia la mpunga limelazwa nyuma ya kiti, madumu ya mawese yamening'inizwa huku na huku, na mama aliyebeba mtoto mgongoni akiwa amekaa nyuma ya kijana anayelingana na mwanawe wa kwanza. Tukajiuliza swali ambalo familia nyingi hazijiulizi: je, chombo hiki tunachokikabidhi watoto wetu kila alfajiri kinakwenda sawa?

Jibu tulilipata Ipinda. Tuliswali Ijumaa mjini Kyela, na alasiri tukashika barabara ya Kikusya kwenda Matema, yenye urefu wa takriban kilomita 39. Ipinda iko njiani. Chini ya mwembe, pembeni mwa maegesho ya bodaboda, fundi mmoja wa makamo alikuwa amezungukwa na vijana, na mbele yake ilisimama pikipiki ya mmoja wao.

Kijana yule alikuwa na mkataba. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na akimaliza malipo pikipiki inakuwa yake. Alikuwa amebakiza miezi minne. Lakini tangu Ramadhani alikuwa amekwisha kununua matairi mawili ya nyuma, na yote yameliwa upande mmoja. Kwenye matope nyuma ilikuwa ikimponyoka. Mtu mmoja alimwambia fremu imepinda, airudishe kwa mwenyewe. Kuirudisha maana yake ni kupoteza fedha za mwaka mzima. Kuendelea nayo maana yake ni kuwabeba wale watoto wawili wa jirani anaowapeleka shule kila asubuhi kwenye chombo asichokiamini.

"Mdogo wangu," fundi alimwambia, "mgonjwa hupimwa kwanza, ndipo hutajiwa ugonjwa."

Akaanza kwa kuuliza. Ukienda kwenye barabara iliyonyooka, mikono ya usukani imenyooka nayo? Kijana akajibu kuwa mkono wa kushoto hurudi nyuma kidogo, ingawa pikipiki yenyewe inakwenda mbele. Fundi akafungua kifuniko cha mnyororo, akatuonesha meno ya sproketi ya nyuma: ubavu mmoja umeng'aa kama kisu kilichonolewa, na wa pili bado una rangi ya chuma cha kawaida. Mnyororo ulikuwa ukisaga meno kwa upande.

Hata hivyo hakukimbilia kukata shauri. Pikipiki inaweza kuyumba kwa sababu nyingine, na hizo huondolewa kwanza. Aliisimamisha juu ya stendi kubwa, akazungusha gurudumu la nyuma huku ameshika kijiti karibu na rimu. Nafasi kati ya kijiti na rimu haikubadilika, kwa hiyo rimu haijapinda wala spoku hazijalegea. Kisha akashika tairi kwa mikono miwili na kulisukuma kushoto na kulia. Halikucheza, kwa hiyo beringi ni nzima. Akaangalia upepo. Hapo ndipo alipoomba uzi.

Uzi wenyewe ulikuwa wa kawaida, kama ule wa waashi. Aliuzungusha nyuma ya tairi la nyuma, juu kiasi ambacho haugusi bomba la moshi wala stendi, akaleta ncha zake mbili mbele, moja kila upande, mpaka kupita gurudumu la mbele. "Shehe, shika hapa," alimwambia mwenzetu, "na wewe mzee wangu, shika huku. Panueni kwanza, kisha leteni ndani polepole."

Maana ya kipimo hiki ni rahisi. Uzi uliovutwa ukagusa tairi la nyuma kwenye ukingo wake wa nyuma na ukingo wake wa mbele, huo sasa ni mstari unaoonesha gurudumu la nyuma linatazama wapi. Tairi la mbele la pikipiki nyingi ni jembamba kidogo kuliko la nyuma. Basi likinyooshwa sambamba na nyuzi, lapaswa kukaa katikati, likiacha nafasi ndogo iliyo sawa kushoto na kulia.

Halikukaa katikati. Kulia uzi ulizuiwa na tairi la mbele hata kabla haujafika kwenye ukingo wa mbele wa tairi la nyuma. Kushoto ulibaki mbali na tairi la mbele, nafasi ya kupita kidole kizima. Gurudumu la nyuma lilikuwa likitazama kushoto, na pikipiki nzima ilikuwa ikienda ubavu kama kaa wa pwani.

Chanzo kilikuwa kwenye ekseli ya nyuma. Ekseli hukaa ndani ya matundu marefu, na kila upande una nati yake ya kuivuta nyuma ili kukaza mnyororo. Mnyororo wa pikipiki hii uko kushoto. Ulipolegea, mtu alikaza nati ya kushoto peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mnyororo, akaona umekaza, akaridhika. Kila mara ekseli ilirudi nyuma kushoto, kulia ikabaki pale pale, na gurudumu likageukia upande uliovutwa. Fundi alipima kwa rula kutoka kwenye bolti inayoshika mkono wa chuma wa nyuma hadi katikati ya ekseli, kushoto kisha kulia. Tofauti ilikuwa milimita 2 tu! Lakini kosa la milimita 2 kwenye ekseli hukua kadiri mstari unavyokwenda mbele, na lifikapo kwenye gurudumu la mbele limekuwa upana wa kidole.

Tulimwuliza kwa nini anapima kwa rula ilhali kuna alama zilizochongwa kila upande kwa kazi hiyo. Akasema alama humsaidia mwenye haraka, ila chombo kilichowahi kuanguka kinaweza kuwa na alama zinazolingana na gurudumu lililopinda. Rula na uzi vikikubaliana, hapo moyo hutulia.

Matengenezo yalichukua muda mfupi kuliko uchunguzi. Alilegeza nati kubwa ya ekseli, akavuta upande wa kulia nyuma kwa robo mzunguko, akapima, akavuta tena, na upande wa kushoto akaurudisha mbele kidogo ili mnyororo usikaze kupita kiasi. Mnyororo unapaswa kubaki na ulegevu wa sentimita 2 hadi 3 katikati ya sehemu yake ya chini. Ukikazwa kama waya huumiza beringi na wenyewe hukatika. Kisha akaweka kitambaa kati ya mnyororo na sproketi, akazungusha gurudumu mpaka likabana na ekseli ikavutwa mbele, ndipo akakaza nati kubwa. Akarudisha uzi upya, maana kukaza kwenyewe huweza kusogeza ekseli. Safari hii nafasi zililingana pande zote mbili.

Kazi ilikuwa haijaisha. Ekseli inaposogea, breki ya nyuma nayo hubadilika, kwa hiyo aliirekebisha na kumtaka kijana aikanyage mara kadhaa. Mwisho akamwagiza aende mpaka darajani na kurudi, peke yake, bila abiria na bila mbio. Kijana aliporudi alikuwa ameachia tabasamu. Usukani umenyooka. Tairi lililoliwa na sproketi iliyosagika bado atavinunua, lakini fremu ni nzima na mkataba wake umesalimika. "Ndaga fijo," alimshukuru fundi kwa Kinyakyusa, na vijana wengine wakaanza kusogeza pikipiki zao mmoja mmoja.

Si kila chombo hutibika chini ya mwembe. Rula ikionesha usawa na uzi bado ukakataa, tatizo liko kwingine. Huenda shokapu za mbele zimejipinda kwenye vibano vyake, jambo ambalo fundi mzoefu hulegeza na kunyoosha. Huenda mkono wa nyuma au fremu imepinda kweli kwa ajali. Chombo cha namna hiyo kisibebe mtu mpaka kimepelekwa kwenye karakana yenye vifaa vya kupimia.

Siku ya pili tulikwenda Matema, mahali milima ya Livingstone inaposhuka hadi majini. Jumamosi hapo kuna soko, na wanawake wa Kikisi huleta kwa mitumbwi vyungu walivyofinyanga Ikombe. Vyungu hivyo hupandishwa kwenye pikipiki, vimefungwa kwa majani na kamba, kwenda Ipinda, Kyela na mbele yake. Tuliona vijana wakigawa mzigo kwa uangalifu mkubwa, uzito wa kushoto sawa na wa kulia, kwa kuwa chungu kikivunjika ni hasara inayoonekana papo hapo.

Nasi twawaomba wazazi wawe waangalifu kama wabeba vyungu. Kabla mtoto hajapanda, mtazame dereva akija kwenye njia iliyonyooka: je, mikono ya usukani imenyooka? Tazameni tairi la nyuma: je, limeliwa pande zote sawasawa? Mwulizeni, kwa heshima, lini mnyororo wake ulikazwa mwisho na kama pande zote mbili zilipimwa. Mwenye chombo anayepokea hesabu kila jioni naye atoe muda wa uzi na rula kila mnyororo unapokazwa, maana abiria ni amana kwake kama alivyo kwa dereva. Uzi haugharimu kitu, na kipimo chake humalizika kabla chai haijapoa.