Litungu la Babu Siyo Pambo la Sebuleni

Litungu la babu lilitumwa Dar kutoka Tarime kwenye buti la basi, likapangiwa magunia juu. Lilipofika, ngozi imechanika na mti una ufa. Nikaposti picha. Muda si mrefu staa mmoja, jina kapuni, akaniibukia inboksi akitaka bei. Eti hata likiwa bovu poa tu, atalitundika ukutani.

Jamani! Kwetu Wakurya, huku Tarime na ng'ambo ya Sirari, nyuzi zile 8 ndizo zinazoinua watu vitini. Likinyamaza, limekufa.

Nikalirudisha nyumbani kwa mzee mmoja fundi. Ufa aliuziba. Ngozi mpya akailoweka mpaka ikalainika, akaiwamba ingali mbichi, kisha akaiacha kivulini ikauke taratibu na kujikaza yenyewe. Ukiianika juani, inapasuka. Nikamuuliza kama bado ni la babu.

"Ngozi ni nguo, mjukuu wangu, inabadilishwa. Mti ndio mwili."

Juzi limepigwa kwenye harusi Mugumu, Serengeti, na vumbi likatimka. Kwa hiyo staa wetu, bei haipo. Ukitaka kulisikia, panda basi uje.