"Hilux Inavuta Tani Tatu na Nusu, Twende!" Mke wa DJ Achukua Kalamu, Washkaji Kimya

Bukoba mjini wanamjua kwa muziki mnene, taa kali na jenereta lake mwenyewe. Jina libaki kapuni. Kapata oda nono ya harusi Kamachumu, wilayani Muleba, na advansi kashakula.

Mpango wake: Hilux ivute tela lenye jenereta na jukwaa, vijana wanne wakae ndani, spika zijae nyuma. Washkaji wakampa moyo: "Bro, hiyo inavuta tani tatu na nusu, twende!"

Hawakudanganya, ila walisema nusu. Kilo 3,500 ni kiwango cha Hilux nyingi mpya za dizeli, tena kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki mwisho ni kilo 750. La jamaa lina breki, na likijaa lina kilo 2,800. Hapo yuko vizuri.

Balaa liko kwenye pikapu yenyewe. Mkewe, anayeshika hesabu za kazi, akafungua kitabu cha gari. Tupu ni kilo 2,100, ikipakia isizidi 3,050. Yaani inabeba 950 tu. Dereva na vijana wanne, kilo 350. Tela nalo hulalia nyuma ya gari kwa karibu asilimia 10 ya uzito wake: 280 nyingine. Zinabaki 320, na spika zina kilo 550.

"Baba Junior, tumezidisha kilo 230 na hatujatoka hata getini."

Jamaa akasema ataongeza springi. Fundi akakata mzizi wa fitina: springi zitainua gari lisilale, lakini ekseli, matairi na breki vinabaki vilevile. Nyuma ikilemewa, pua inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Sasa fikiria mlima wa kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, halafu usiku mrudi mkiteremka na mzigo uleule.

Basi spika zimepandishwa kwenye Canter ya kukodi. Faida imekatika karibu nusu, na washkaji wanamcheka eti anaendeshwa na mke. Acha wacheke. Wale vijana wanne wana mama zao, na hakuna aliyeulizwa kama mwanaye ni sehemu ya advansi.

Je, ungekuwa wewe, ungekodi Canter au ungekomaa na Hilux? Funguka hapo chini.