Lehemu Njema na Umri wa Mtu Mzima



Hapa kwetu Namasakata, mkoani Ruvuma, maradhi ya presha na ya sukari hujulikana hata kwa watoto wa chuoni. Lakini neno lehemu bado ni geni, na wengi walisikiapo hudhani ni jina la sumu. Si sumu. Lehemu, ambayo wengine huiita kolesteroli, ni namna ya mafuta ambayo ini lenyewe huyatengeneza, na mwili hauwezi kuishi bila ya hayo. Huchukuliwa katika damu na vyombo vya namna mbili. Vya kwanza huipeleka viungoni, na vikizidi huiacha katika kuta za mishipa hata njia ya damu ikasongwa; hiyo ndiyo huitwa lehemu mbaya. Vya pili huizoa iliyozidi na kuirudisha katika ini, nayo huitwa lehemu njema. Kwa mwanamume, lehemu njema ikiwa chini ya 1.0 katika kipimo cha maabara huhesabiwa kuwa haba. Kwa mwanamke, chini ya 1.3.

Mwaka jana tulipopimwa, yetu ilikuwa 0.9. Daktari hakutuandikia dawa. Alituuliza kazi yetu, na tulipomjibu kwamba twasomesha Qurani, akauliza twakaa jamvini saa ngapi kwa siku.

Swali hilo twaliona ni la haki. Watu husema, "Ni uzee tu, Maalim." Lakini umri peke yake si wenye kosa kubwa. Lehemu njema ya mwanamume hushuka wakati wa balehe, kisha hukaa karibu pale pale kwa miaka mingi. Kiishushacho ni mambo yanayofuatana na umri: tumbo hukua, miguu hupumzika, sukari hupanda. (Wako pia waliozaliwa nayo haba, kwa urithi wa wazazi wao.) Mama zetu wamejaaliwa kuwa nayo nyingi kuliko sisi, lakini hedhi ikikoma lehemu mbaya huongezeka, na ile hifadhi waliyokuwa nayo juu ya maradhi ya moyo hupungua. Kwa hiyo bibi wa miaka 55 asidhani kwamba habari hizi ni za wanaume.

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, watu 985 wa nchi yetu walipimwa: Wamasai, wakulima wa vijijini na watu wa mjini. Wamasai, pamoja na maziwa na mafuta ya wanyama wanayoyala, walionekana kuwa na damu nzuri. Nguvu walizotumia kila siku kwa kutembea na kufanya kazi zilikaribia mara tatu ya zile za watu wa mjini. Sisi wa jamvini hatuko mjini, ila miguu yetu imekwisha hamia huko.

Na korosho je? Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa Chennai, India, ambako wagonjwa 300 wa kisukari waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa korosho gramu 30 kila siku, yaani kiasi cha gao moja, kwa wiki 12. Lehemu yao njema ilipanda, si sana, na presha ikashuka kidogo. Tulipoisoma habari hiyo tulicheka kwa uchungu. Sisi wenye mikorosho huzipeleka korosho zote mnadani, kisha twanunua mafuta ya kukaangia maandazi, na mafuta yale yale hukaangiwa tena na tena hata yakawa meusi.

Tumbaku, ambayo ndugu zetu wa Namtumbo huilima, haihitaji maneno mengi: huishusha lehemu njema, na mwenye kuiacha lehemu yake hupanda tena.

Ijumaa moja baada ya sala, kijana aliyetoka mjini alituuliza mbele ya watu: "Maalim, mbona wataalamu wasema mvinyo huipandisha lehemu njema?" Wazee walikunja nyuso. Sisi hatukumkatalia, kwa kuwa ni kweli huipandisha. Wala aya ya 219 ya Surat al-Baqara haikukana kwamba kileo kina manufaa. Lakini tulimweleza habari ya dawa iitwayo torcetrapib. Iliipandisha lehemu njema kupita nusu ya ilivyokuwa, na majaribio yake juu ya wagonjwa 15,000 yalisimamishwa Desemba 2006, kwa kuwa waliokuwa wakiimeza walikufa zaidi kuliko wenzao. Kumbe hesabu yaweza kupanda na mtu asiokoke. Tena Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hapana kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya.

"Basi hapana dawa?" akauliza. Tukamjibu kwamba dawa za kushusha lehemu mbaya zipo, tena zimeokoa wengi, na aliyeandikiwa asiziache. Ama lehemu njema, yeye ana miguu na baba yake ana mikorosho.

Sisi tumerudi katika bonde letu la mpunga, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, na darasa la asubuhi twalisomesha tukiwa tumesimama.