Nyasi Niliyoinyoa

Kwetu Meru hakuna kijana asiyejua kukata nyasi. Mimi nami nilijiona fundi. Nyasi ni nyasi tu, nikadhani, ukikata itaota.

Nyumbani tulikuwa na vipande viwili vya nepia, kimoja nyuma ya zizi na kingine kule kilimani penye mawe. Ng'ombe alikuwa mmoja, Waridi, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa karo yangu. Jioni kumlisha ilikuwa kazi yangu. Mama aliniagiza nikate kilimani na nyuma ya zizi kwa zamu, tena nisiguse nyasi kabla haijafika kiunoni. Lakini mpira ulikuwa ukiningoja uwanjani! Tena mzigo wa nepia huwasha shingo kama upupu. Basi nikawa nakata pale pale zizini kila baada ya wiki mbili, nyasi haijapita hata goti, panga nimelilaza chini kabisa.

"Umetoka kilimani?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama," nilijibu bila kupepesa macho.

Mwaka wa 2022, nikiwa kidato cha kwanza, mvua ilitukimbia. Kipande cha zizini, kilichomwagiwa samadi yote, ndicho kilichotangulia kukauka. Siku moja nilishika shina nikate, likang'oka lote mkononi. Mizizi ilikuwa mifupi kama ndevu za beberu. Kilimani nepia ilisimama kijani, lakini haikutosha peke yake. Maziwa yakashuka kutoka lita 9 hadi 4, nami nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Niliporudi darasani, mwalimu wa kilimo alitueleza kwamba nyasi hupika chakula chake majanini. Ukiyakata yote, mmea hula akiba ya mashina na mizizi, na mizizi huacha kukua mpaka majani yarudi. Mtafiti wa Marekani, Crider, alichapisha matokeo yake mwaka wa 1955: nyasi zilipopunguzwa nusu ya majani, mizizi haikujali sana, zilipokatwa asilimia 80, ilisimama kabisa. Nepia nayo hukatwa karibu yote, kwa hivyo kinachoiokoa ni mapumziko ya wiki 6 hadi 8, na kuachiwa mashina ya sentimita 10 hivi. Mimi nilikuwa nikirudi na panga kabla haijavuta pumzi.

Jioni nilimwambia mama ukweli wote.

"Nilijua," akasema. "Nyasi ya kilimani mbona ilikuwa haipungui? Nilingoja useme mwenyewe."

Akanipa jembe. Mvua ya Machi 2023 ilipofika tulipanda upya, na panga lilikaa ukutani mpaka nepia iliponifika kiunoni.