Sufuria ya mama na namba za merkiri

Juma lililopita mama mmoja aliyekimbia vita alipiga simu kwenye kipindi chetu. Bwana yake alikuwa anachimba dhahabu upande wa Kamituga, na dhahabu yenye merkiri, ile wengine wanaita zebaki, aliichomea ndani ya sufuria ya nyumbani. Wamekimbia na sufuria hiyo, hawana ingine. Akauliza: «Nikiisugua na majivu, niichemshe vizuri, naweza kupikia watoto?»

Nilimuomba siku mbili. Chemia niliiacha sekondari, na sikuipenda.

Nikaenda kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Bukavu. Mama mkutubi akanieleza kwamba kazi kubwa ya kukusanya habari za madini na michanganyiko yake ilianzishwa na Mjerumani Leopold Gmelin mwaka 1817. Leo iko ndani ya Reaxys, na inalipiwa. Pesa hiyo hawana. Akafungua PubChem ya Marekani, ya bure. Umeme ukakatika mara mbili, tukamalizia kwa simu yake.

Tulipotafuta merkiri, yalikuja majina mengi. Nikaangukia habari ya Karen Wetterhahn, profesa wa chemia Marekani: mwaka 1996 matone machache ya dimethilimerkiri yalipenya glavu zake, na 1997 akafariki. Nikaanza kuandika ya kusoma kwenye redio: tone moja la merkiri linaua!

Mama mkutubi akanizuia. «Papa, soma namba kwanza.» Kumbe kila kitu kina namba yake ya CAS. Ya profesa ni 593-74-8. Ile inayong'aa machimboni ni 7439-97-6. Majina ni ndugu, lakini sumu hazifanani. Ya kwanza imefungwa na kaboni, inapita ngozi haraka. Ya pili inaua polepole kwa njia ya mvuke: ukiichoma, inapanda bila kuonekana, inaingia mapafu, inafika kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto. Ikimwagwa mtoni, vijidudu vya matope vinaigeuza methilimerkiri, samaki wanaibeba. Sumu hiyo, ikitoka kiwandani, ndiyo iliwaangamiza watu wa Minamata, Japani. Ugonjwa wao ulijulikana 1956.

Ningesoma karatasi yangu ya kwanza, wake wa wachimbaji wangeogopa kugusa na kusahau moshi.

Nikampigia mama: hapana, usipikie. Sufuria ni ya aluminiamu, merkiri inashikamana nayo, majivu hayaiondoi, na moto utaitoa tena.

«Basi nitapikia nini?»

Hilo halikuwa ndani ya PubChem. Jirani amemuazima chungu kwa sasa. Jana alinipigia tena: kuna mtu alitaka kumununulia ile sufuria. Alikataa, akachukua musumari na jiwe, akaitoboa chini matundu matatu.